Kushoto Kwako

Jumatatu, 4 Machi

Ratiba mpya imebandikwa. Vipindi vya mikono, vya kupapasa na kusikiliza, vilikuwa kumi na viwili kwa muhula. Sasa ni viwili. Viwili! Vingine vyote vimeandikwa "W8". Nikamuuliza karani W8 ni chumba gani, akacheka. Kumbe ni ile Wodi ya Nane. Hospitali yetu ya mafunzo ina wodi saba. Ya nane iko ndani ya miwani. Wanafunzi ndio walioipa jina, na Mkuu wa kitivo kalipenda mpaka kalitia kwenye ratiba.

Unavishwa limiwani linaloziba uso mzima, unashika vijiti viwili, unajikuta wodini. Kuna kitanda, kuna mama mjamzito, kuna mwalimu. Mwalimu mwenyewe ni mimi. Mwaka jana mwezi wa saba walinirekodi wiki tatu, kwenye chumba kilichofunikwa vitambaa vyeusi, nimevalishwa suti ya kubana yenye vitufe kila kiungo. Umri huu. Wakachukua sauti yangu na mwendo wangu. Wanasema humo nimetoka vizuri, wamenipunguza kiuno na kuniondoa mvi. Sijaingia kujiona. Sina hamu.

Miaka ishirini na sita nafundisha ukunga. Mkataba wangu wa baada ya kustaafu unakwisha mwezi wa sita. Nimemuuliza Mkuu kama utaongezwa, akasema tutaona, huku anachezea simu. Nalijua hilo "tutaona". Nami nimelitumia sana kwa wagonjwa.

Alhamisi, 7 Machi

Kipindi cha kwanza cha mikono. Nusu saa ya mwanzo ililiwa na matangazo ya Mkuu, kwa hiyo nimefundisha kitu kimoja tu: kusugua viganja. Umesalimia, umeomba ruhusa, sasa sugua viganja vipate moto. Tumbo la mama halishikwi kwa mkono wa baridi. Wakanitazama tu. Kwenye miwani mikono haina baridi wala joto. Mmoja akauliza kama hilo lipo kwenye mtihani.

Aliyesugua ni mmoja, yule binti ninayemwita Mpole. Anakaa mbele kabisa na bado sauti yake hainifikii. Alisugua mpaka nikamwambia inatosha mwanangu, utawasha moto.

Mimi wananiita Mama. Yule wa kwenye miwani wanamwita Mwalimu. Nimewasikia leo kwenye korido: Mwalimu kasema hivi, Mama anasema vile. Nimecheka nao. Nilipofika ofisini sikucheka.

Jumanne, 12 Machi

Kipindi cha pili kimefutwa. Ukumbi wa mazoezi umegeuzwa mahali pa kuchajia miwani. Sanamu zangu tatu, zile zenye matumbo ya kupapasa, zimesukumwa stoo, moja imesimamishwa kichwa chini. Nimeigeuza. Hata sanamu ina heshima yake.

Nimemkuta Fundi, mtaalamu wa kompyuta ambaye Wodi ya Nane ni kazi ya mikono yake. Ana adabu, siwezi kumnyima hilo. Shikamoo Mama, ungeingia hata siku moja ukajiona. Nimemwambia kioo ninacho nyumbani.

Jumatano, 13 Machi

Wifi kapiga simu saa nane mchana. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye sista mkuu wa wodi ya wazazi. Akipiga saa za kazi najua kuna jambo.

Wanafunzi wa mwaka wa pili wameingia wodini leo kwa mara ya kwanza. Mpole akapewa mama wa miezi minane na nusu, asikilize moyo wa mtoto. Kaweka kipembe cha kusikilizia tumboni, katega sikio. Kimya. Kasogeza kidogo. Kimya. Akamnong'oneza mwenzake: hakuna mapigo. Siku zote sauti yake haifiki popote. Leo imefika. Mama wa watu kasikia.

Wifi alikuwa chumba cha pili anazalisha. Alipotoka zilishapita dakika arobaini. Kaweka kipembe upande wa pili wa tumbo, moyo huo hapo, unakwenda vizuri kabisa. Mtoto mzima. Lakini mama alishampigia mumewe, mume kawapigia wazee, na nyumbani watu walishaanza kukusanyika na kupanga viti. Wifi anasema yule mama alipoambiwa mtoto yuko hai hakufurahi. Alikumbatia tumbo kwa mikono miwili, akakataa kuguswa na mtu yeyote. Hata na Wifi.

"Hawa wanao unawafundisha nini, wifi?"

Nikamwambia sikuwafundisha mimi. Jibu lilitoka haraka mno. Lilikuwa limekaa mdomoni muda mrefu likingoja swali lake.

Alhamisi, 14 Machi

Hospitali imeandika barua. Mpole amesimamishwa, kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa ya wiki ijayo, na Mkuu anazungumza kama vile wameshamfukuza. Maelezo yake ameandika mstari mmoja: nilisikiliza pale Mwalimu alipotuonyesha. Mkuu kaniuliza, mwalimu yupi? Nikamwambia anayo ratiba, aisome.

Ijumaa, 15 Machi

Kipindi sina, lakini nimeingia darasani na sanamu begani. Nimeitoa stoo mwenyewe, sikuomba ruhusa ya mtu. Nikailaza mezani. Nikasema: mgongo wa mtoto uko kushoto, nani atanionyesha pa kusikiliza? Wanafunzi thelathini na saba, wote wakaonyesha sehemu moja. Kulia kwa mama. Wote!

Hapo ni kushoto kwa nani? Kwetu, Mama. Nani kawaambia? Mwalimu.

Katika ukunga kushoto ni kwa mama, leo na siku zote. Ukisimama ukimtazama usoni, kushoto kwake ni kulia kwako. Ndilo somo la kwanza, kabla hata ya kuosha mikono. Na anayejua kupapasa asingepotea hata angeambiwa vibaya. Mgongo wa mtoto unashikika, mgumu, umenyooka, kiganja chenyewe kinakupa habari. Lakini viganja vyao havijawahi kushika kitu. Vijiti vile vinatetemeka kidogo, basi, mtu kafaulu.

Nilifurahi. Naliandika kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma: nilifurahi. Mama wa watu kakaa dakika arobaini akiamini amebeba maiti, na mimi narudi ofisini natembea kwa madaha. Maana sasa watanihitaji. Nimeandika ripoti kurasa nne, kalamu inakimbia yenyewe. "Mfumo umewafundisha wanafunzi kinyume." Kwa leo naikalia. Nataka kwanza niingie humo ndani nikachukue maneno kama yalivyo, nimbane nayo Fundi asipate pa kutokea.

Jumapili, 17 Machi

Mzee wangu anasema mwaka huu hajanisikia nikiimba jikoni mpaka leo. Kauliza kuna nini. Nimemwambia hakuna kitu, nakaanga vitunguu.

Mchana Mpole kapiga simu. Nilidhani atajitetea. Hakujitetea. Anamuulizia yule mama, anaendeleaje, na kama inaruhusiwa aende kumwomba radhi. Nimemwambia asiende popote. Kisha nikamwambia, na nilikuwa nimeshiba, nimekaa vizuri, naona raha ya kusema: usiwe na wasiwasi mwanangu, kosa nimeshajua liko wapi, Ijumaa nitakusimamia. Akalia. Akasema asante Mama mara nyingi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeingia.

Fundi kanivisha mwenyewe, kanikazia mkanda kisogoni, kasema Mama usiogope. Nani kaogopa.

Wodi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Haina harufu. Hakuna anayeugulia. Mama kalala chali anatabasamu. Mimba ya miezi tisa, anatabasamu! Na kando yake kasimama mwanamke mwenye kiuno, mguu mmoja unapumzika, vile vile ninavyosimama mimi mgongo ukiniuma. Hakuniangalia. Alimwinamia mama, akaanza kusema. Sauti yangu kabisa, ile ya upole ninayoiacha kazini na nyumbani siifikishi.

"Tutamsikiliza mtoto sasa. Mgongo wake uko upande huu. Hapa, kushoto kwako."

Kwako.

Nikasema irudiwe. Kwako. Nikasema tena. Nikaweka kipembe kushoto kwangu, kulia kwa mama, na moyo ukapiga vizuri masikioni, safi, bila mkwaruzo. Upande wenyewe hakuna kitu.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya kurekodi sanamu ilikuwa haijaletwa. Fundi ndiye aliyelala kitandani badala ya mama, mto ndani ya shati, anatazama dari. Tulikuwa tumerudia mara kumi na moja. Nimechoka, nikazisahau kamera, nikazungumza naye kama ninavyozungumza na mama yeyote. Na hilo ndilo ninalojivunia! Miaka yote nawaambia wanafunzi: usiongee juu ya kichwa cha mama, ongea naye, mwambie unafanya nini na wapi. Kushoto kwako, mama. Nilisema sawasawa. Nilimwambia mwenye tumbo. Lakini ndani ya miwani mwenye tumbo si mtu, na anayesikia ni mwanafunzi. Ile "kwako" wakaichukua wao. Fundi akaandika maneno yalivyotoka, kisha akaupanga moyo upige pale maneno yalipoelekeza. Na katika wodi nzima ile kuna mtoto mmoja tu, amelalia upande ule ule kila siku, kwa kila mwanafunzi.

Nikavua limiwani na kuanza kufoka. Kwa nini hakuna aliyekagua? Mnatoa kitu kama hiki bila macho ya mkunga? Fundi akainuka. Kafungua kabati, kanipa faili. "Nimeingia katika mazingira haya na kuyahakiki, sehemu kwa sehemu." Kurasa tisa. Kila ukurasa una sahihi yangu. Nilizisaini zote kwa mkupuo mmoja, mezani kwangu, kikombe mkononi, nikamwambia haya chukua makaratasi yako. Hata doa la chai lipo, ukurasa wa sita.

Tukakaa. Fundi ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo. Mama, hii ni kazi ya dakika tano. Neno "mama" umelisema sehemu nyingi, nakata huku nabandika huku. Moyo nauhamisha. Hakuna atakayejua. Nikamuuliza, na Mpole? Akatazama viatu vyake. Akasema Mpole alitamka mbele ya mgonjwa, na hilo ni kosa hata hivyo.

Ni kosa, kweli. Ningemkaripia mwenyewe. Lakini hafukuzwi mtu kwa hilo, na Fundi anajua, na mimi najua.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema nina kipindi. Jumatatu sina kipindi, na ratiba imebandikwa mlangoni kwake.

Jumanne, 19 Machi

Ujumbe wa Fundi, neno moja. "Tayari."

Ripoti yangu nimeiweka chini ya droo, chini ya glavu.

Jumatano, 20 Machi

Mkuu kaniita. Kaagiza chai, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Mkataba unaongezwa miaka miwili. Wanataka kutengeneza wodi nyingine humo ndani, ya watoto, ya upasuaji, na wanahitaji mtu wa kuzihakiki. Anasema nani mwingine kama si wewe, Mama, sahihi yako ndiyo inayotupa imani.

Nimesema asante. Nimekunywa ile chai mpaka ikaisha.

Mzee wangu kauliza leo mbona jikoni kimya.

Ijumaa, 22 Machi

Saa tano na dakika kadhaa. Mapumziko. Niko stoo na sanamu zangu, ndio mlango pekee unaofungika kwa ndani. Niandike haraka.

Kamati: wajumbe watano, Mkuu katikati. Wifi kaja kwa niaba ya hospitali. Fundi kakaa pembeni na mashine yake. Mpole kasimama, na leo sauti yake imesikika mpaka dirishani. Kasema: nilikosea kutamka mbele ya mama, naomba radhi, lakini pale niliposikiliza ndipo nilipofundishwa. Mwalimu alisema kushoto kwako. Kwa maneno hayo hayo.

Mjumbe mmoja akataka darasa liitwe. Mkuu akasema ya nini kuita watu thelathini na saba na miwani ipo hapa, tuvae tusikie. Wakavaa kwa zamu. Sauti wakaiweka kwenye spika ili chumba kizima kisikie.

"Mgongo wake uko upande huu. Hapa, kushoto kwa mama."

Vizuri kabisa. Ni hilo neno "mama" tu, limepanda kidogo, halikuzaliwa kwenye sentensi ile. Nalifahamu limetoka wapi: pale ninapomwambia mama asukume. Hakuna mwingine aliyeligundua, isipokuwa Fundi, aliyekuwa akikunja waya ambao ulishakunjwa. Sauti yangu imesema nisichokisema, mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa, mkoba magotini.

Mpole akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akainamisha kichwa upande, anavyofanya akiwa na kipembe. Akaketi polepole bila kuambiwa.

Mkuu akanigeukia. Mama, wewe ndiye mwenye sauti, na wewe ndiye uliyehakiki. Ilikuwa hivi tangu mwanzo?

Nikaomba maji. Nikanywa. Wakangoja. Nikasema sijisikii vizuri, labda ni joto. Mkuu, muungwana kweli, akatoa dakika kumi. Wifi hakuniondolea macho. Kanifahamu tangu naolewa kwao, anajua joto halijawahi kunishinda.

Mpole yuko kwenye benchi nje ya chumba. Nilitaka kupita moja kwa moja. Akasimama kunipisha, mtoto wa watu, akasimama! Akasema, Mama, labda nilisikia vibaya. Nikasema nini. Akasema: wote wamesikia vingine, ni mimi peke yangu. Na kama sisikii vizuri, afadhali wanitoe sasa, kabla sijaua mtoto wa mtu.

Hakusema kwa uchungu. Angekuwa na uchungu ningejua la kufanya. Amekubali. Masikio yale ni mazima, ndiyo masikio bora niliyoyapata kwa miaka mitano, yalishika neno langu kama lilivyotoka, na kwa asubuhi moja nimemfanya asiyaamini tena. Nikamgusa bega. Nikaja humu, nikafunga mlango.

Nimemwahidi nitamsimamia. Nilikuwa nimeshiba siku ile.

Katibu anagonga. Mama, wanakusubiri. Nimesema nakuja.

Naandika hapa, nisije baadaye nikajisahihisha kama walivyonisahihisha. Nilisema kwako. Kushoto kwako. Kurasa tisa, sikuingia hata mara moja. Doa la chai liko ukurasa wa sita.

Anagonga tena. Nasikia viti vinavutwa. Mikono yangu ni ya baridi kabisa. Ngoja niisugue kwanza.